Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya maliasili, Zanzibar: kima punju wapigwe picha kwa mbali

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mpiga picha wa hapa Unguja, na nakuandikia kuhusu kima punju wa msitu wa Jozani. Ninayoyaona kwenye vijia vya msitu ndiyo ninayoyaona mitandaoni: mgeni ameinama, simu iko shibiri moja na uso wa mnyama, mara nyingi mama mwenye mtoto kifuani, na nyuma yake wenzake wanangoja zamu ya selfi.

Mnyama huyu asili yake ni Unguja tu. Hata wale wachache wa msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na binadamu mwaka 1974. Hesabu iliyotangazwa 2017 iliwakadiria kuwa zaidi ya 5,800. Alhamdulillahi, ni wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini ndio hao hao dunia nzima. Maradhi yakiwaingia, hakuna pengine pa kuwatoa wa kuziba pengo. Na maradhi yetu huwafikia jamaa zao: mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe watano wa kundi moja walikufa kwa ugonjwa wa kifua uliohusishwa na kirusi ambacho kwa binadamu huleta mafua ya kawaida. Mgeni anayekohoa mbele ya kima ili apate picha hajui anachokiacha pale.

Waongozaji wanajua. Kijana husema mara ya kwanza, "rudi nyuma kidogo," mara ya pili hunyamaza, kwa kuwa bakshishi yake imo ndani ya picha ile. Mgeni aliyekatazwa haachi kitu, tena huenda akamlalamikia kwa kampuni iliyomleta. Kumtwika kijana huyu peke yake kazi ya kumlinda kima ni kumwonea.

Barabara inayopita Jozani ilikuwa ikiwaua kima hawa kwa magari. Yalipowekwa matuta, vifo vilipungua. Matuta hayakumwomba dereva hisani, yalimlazimisha. Ndicho ninachokuomba kwa upande wa picha: umbali wa mita 7 uwe sheria, uchapishwe kwenye tiketi kwa lugha za wageni, na mwongozaji awe na mamlaka ya kuikatisha ziara ya mkaidi bila ya kurudisha fedha na bila ya kuadhibiwa na mtu. Kima akisogea mwenyewe, kama anavyofanya mara nyingi, mtu ndiye arudi nyuma. Mwenye mafua asiingie.

Nasikia hoja kwamba wageni watatukimbia. Katika msitu wa Bwindi, Uganda, mtalii wa kutoka nje ya Afrika anayekwenda kuwatazama gorila hulipa dola 800, huingia katika kundi la watu wanane, hupewa saa moja, na hutakiwa kukaa mita 10. Watu wanakwenda.

Kwa upande wa kazi yangu, nakuhakikishia kwamba picha haipotei. Simu ikisogezwa mno humvimbisha kima pua na kuupotosha uso wake. Kwa lenzi ya milimita 300, kima mzima anaijaza picha kutoka mita 7, na utamwona akifanya mambo yake: anachagua majani machanga, anamtafuta mwenzake chawa, au amelala juu ya tawi mchana huku tumbo likisaga majani. Hilo la kulala si uvivu. Tumbo lake lina vyumba vinne na linahitaji utulivu, na ndio wakati ambao makundi ya wageni humzunguka.

Naomba agizo hili litoke kabla ya Juni, msimu wa wageni wengi haujaanza. Wizara ikitaka picha za kuwaonyesha wageni namna kima anavyoonekana kutoka mita 7, nitazitoa zangu bila ya malipo, zibandikwe pale wanapokatia tiketi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpiga picha, Unguja