Mawe ya Mji Mkongwe yasiishie kwenye kifusi

Mhariri,

Ukuta wa zamani ukianguka Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mara nyingi mawe yake ya matumbawe hupakiwa kwenye lori pamoja na takataka, yakaenda kufukia mashimo. Tunawasihi wenye nyumba na makandarasi waache mtindo huo. Jiwe lililojengewa kwa chokaa hutoka zima, kwa kuwa chokaa ni laini kuliko jiwe. Tindo na nyundo ndogo vinatosha. Bomoeni kuanzia juu, kozi (safu ya mawe) moja moja, na mawe yateremshwe kwa mkono. Makubwa yenye uso bapa yatengwe kwa ajili ya pembe na milango. Madogo ni ya kujazia katikati.

Kinachoharibu kazi ni saruji. Matumbawe yana vitundu, hunyonya unyevu, na hapa pwani unyevu huo una chumvi. Chokaa huuachia utoke. Saruji huuzibia njia, nao hupitia kwenye jiwe lenyewe; chumvi huganda ndani karibu na uso, na baada ya misimu kadhaa ya mvua ukipitisha kidole ukutani jiwe linamwagika unga. Tena ukuta uliojengewa saruji haubomoleki bila kuvunja mawe, kwa hiyo wajukuu hawatapata mawe ya kutumia tena.

Tumieni sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji) kwa 3 za mchanga wa mtoni ulio safi. Mchanga wa ufukweni hapana, hata ukipatikana bure. Jiwe lilowanishwe kwanza, la sivyo litafyonza maji ya chokaa kabla haijashika. Kazi mbichi ifunikwe magunia yaliyolowa kwa wiki nzima.

Halafu pigeni lipu ya chokaa. Wazee hawakuyaacha matumbawe wazi. Kuyaanika mvuani ili mgeni aone ukale ni kuyaua.

Jengo linalolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 lisiguswe bila kibali. Lipigwe picha kwanza, na mawe ya milango yaandikwe namba kwa chaki.

Kwa Halmashauri tuna ombi moja: itenge kiwanja chenye uzio cha kuhifadhia mawe haya. Yapangwe juu ya mbao, turubai juu, pembeni paachwe wazi hewa ipite, na mwenye kukarabati aruhusiwe kuyachukua hapo badala ya kuagiza tofali za saruji.

Waashi wa majengo ya kale,
Bagamoyo