Ubunifu wa mwalimu usiondoke na barua ya uhamisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee kuhusu mtaala mpya, maana naona mjadala wote umekaa kwenye madarasa na madawati, na ni kweli vinahitajika sana, ila kuna jambo tunaliongea kila siku kwenye ofisi za walimu na huko nje halisikiki. Ule ubunifu ambao mtaala unautaka, mwalimu anautoa wapi, na akishautoa unatunzwa wapi?

Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, awali, la kwanza na la tatu wakatangulia, na huko la tatu yakaja masomo kama Sanaa na Michezo na Jiografia na Mazingira. Lengo ni mtoto atoke na umahiri, aweze kufanya kitu kwa mikono na akili yake. Mimi naukubali kabisa mtaala huu. Lakini muhtasari wa somo ukikwambia tumia mazingira yanayozunguka shule hauwezi kukutajia mazingira yako, walioandika pale Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) watajuaje kama kwenu kuna ziwa au mgodi au mashamba ya mkonge? Hapo kazi ni ya mwalimu.

Nitoe mfano wa huku kwetu Pwani ambako akina mama wanasuka mikeka ya ukindu. Chukua mkeka wa mita 2 kwa mita 1, ukili, yaani ule utepe uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka, una upana wa sentimita 5, waulize watoto, tunahitaji ukili wa urefu gani? Wengine watagawanya kwenye daftari, wengine watakata vipande vya karatasi na kuvipanga sakafuni, mwisho wanafika mita 40, halafu bibi msusi uliyemwalika anawaambia wanangu hiyo haitoshi, ukishona kili zinapandana kidogo kwenye ukingo kwahiyo lazima uongeze, basi hapo ndo darasa linachangamka, kila mtu anataka kupima ule ukingo ajue nyongeza ni kiasi gani. Tayari mmefanya eneo, kugawanya na vipimo bila mtoto hata mmoja kusinzia. Mkeka huohuo kesho unaingia kwenye Sanaa, rangi zinapatikanaje na nakshi inajirudia baada ya hatua ngapi, kwenye Jiografia wanauliza mkindu unaota wapi na ukikatwa makuti machanga yote itakuwaje, na kwenye Kiswahili wanamhoji bibi kisha wanaandika hatua za kusuka kwa mpangilio ambao mtu asiyejua anaweza kuufuata. Wiki nzima hiyo, gharama yake ni nauli ya bibi na soda.

Mwanza watafanya hivyo na nyavu na samaki, Kilimanjaro na mifereji ya kumwagilia. Mawazo yapo mengi mno kwa walimu, tena wengine ni mafundi hasa.

Sasa somo kama hilo likishafundishwa linaishia wapi? Andalio la somo linasainiwa linarudi kabatini, mwalimu akipata uhamisho anaondoka na ujuzi wake kichwani, anayekuja anaanza upya. Akiingia mtandaoni kwa bando lake anakuta mawazo mazuri sana ila yanataka karatasi za rangi, gundi na printa ya rangi, vitu ambavyo mwisho wa siku anaambiwa mzazi anunue. Kwa jirani zetu Kenya, walioanza mtaala wa umilisi nchi nzima mwaka 2019, wazazi walilalamika sana kuhusu gharama hizo za vifaa, sisi tusisubiri yatukute.

Na vyombo vya kutunzia haya mawazo tunavyo. Kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo yameleta jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, yaani walimu wanakaa pamoja wanajadili mada ngumu. Kuna vituo vya walimu kwenye kata. Kuna Maktaba Mtandao ya TET ambako vitabu vinasomwa bure. Ninachoomba ni kuviunganisha: kila jumuiya ya ujifunzaji iandike somo moja kila muhula linalotokana na mazingira yake, ukurasa mmoja unatosha, darasa, mada, vifaa, na pale watoto walipokwama (hili la mwisho ndo muhimu kuliko yote na ndo huwa haliandikwi), nakala ikae kituo cha walimu, na yale mazuri zaidi TET iyapitie iyaweke Maktaba Mtandao ili mwalimu wa Lindi aone mwenzake wa Tanga alifanyaje.

Na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wanapokuja shuleni, pamoja na maazimio ya kazi, waulizie na masomo haya. Mwalimu akijua kitu kinaulizwa na kinathaminiwa atakiandika, tunajuana.

Pia tusiogope kuwaita mafundi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule na jamii vishikane, ila sehemu nyingi kilichobaki ni jembe na bustani, watoto wanalima bila kuambiwa kwanini wanapanda kwa nafasi ile. Seremala, mvuvi, mfinyanzi, fundi baiskeli, hawa ni vitabu vya ziada vinavyotembea, ila wana familia na kazi zao, kwahiyo kamati ya shule itenge kifungu kidogo cha nauli zao badala ya mwalimu kutoa mfukoni kila mara.

Walimu wenzangu mnaosoma hapa, kama kuna somo lilikubali darasani kwako mwaka huu liandike kabla ya kufunga shule, kisha mpe nakala mratibu wa MEWAKA wa shule yako na nyingine ipeleke kituo cha walimu.

Ahsante Mhariri.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Pwani