Mama, mwambie Kaka hii si anasa

Shikamoo Mama,

Salamu za Baba zimenifikia, na za Shangazi pia, pamoja na yale maneno aliyoyachomeka katikati. Mimi mzima. Kazi ipo, baridi ipo, tuyaache hayo. Pesa ya paa nimeshaituma. Ukiipata, mwambie Kaka anipigie mwenyewe, asikufanye wewe tarishi wake.

Maana maneno yake yameniingia, Mama. Kuandika mbele ya ukoo mzima kwamba paa linavuja huku mimi nalipa ada nifundishwe kuchemsha maharage, na kwamba hiyo ni anasa! Ni mwezi gani nimeacha kutuma? Ada hiyo nimeilipa kwa saa za ziada nilizofanya usiku watu wamelala. Na Shangazi anaposema nimeacha nyama kwa kuiga wenyeji wa huku, ananionea. Niliamua mwenyewe. Asiyekula nyama hana budi kujua atakachoweka mahali pake, na soya kavu zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni protini. Ndiyo maana nikajiandikisha darasa la mapishi yasiyo na nyama, nikatengeneze tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa mfano wa jibini, kwa mikono yangu, tangu punje hadi kipande.

Kuchemsha maharage! Laiti ungeniona. Soya unailoweka usiku kucha mpaka ivimbe, unaisaga na maji mengi, kisha unaibandika motoni. Hapo huondoki. Povu linapanda ghafla na kufurika kabla hujageuka, na chini soya inaungua usipokoroga. Wala huwezi kukatisha moto mapema, kwa sababu soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na ni moto ndio unaoviondolea nguvu. Baadaye unachuja kwa kitambaa na kukamua kwa nguvu zote, mvuke ukikuchoma vidole. Kinachotoka ni maziwa mazito ya soya.

Halafu inakuja kazi yenyewe, kuyagandisha. Sisi tulitumia nigari, chumvi chungu inayobaki maji ya bahari yakishatolewa chumvi ya kawaida. Wengine hutumia jasi, aina ya madini meupe, ambayo huiongezea tofu kalisi, ile ya kujenga mifupa. Maziwa yawe moto bila kutokota, nyuzi 75 hadi 80 hivi. Unamimina nigari kidogo kidogo, unapitisha mwiko taratibu, unaacha. Ukikoroga kwa fujo mabonge yanasagika na tofu inatoka chengachenga. Ukitulia, maziwa yanakatika mbele ya macho yako: mabonge meupe upande huu, maji ya manjano yaliyotakata upande ule. Wachina wanasimulia kwamba ugunduzi huu ni wa mwanamfalme Liu An, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Yawe kweli au hadithi, aliyeanza alikuwa na subira.

Na sasa sikiliza, Mama. Mwalimu alipita meza moja baada ya nyingine akibonyeza tofu za watu kwa kidole. Alipofika kwangu aliikata yangu, akainyanyua mbele ya darasa zima, akawaambia waangalie ilivyoshikana bila kukauka. Akaniuliza nimejifunza wapi kutulia vile jikoni. Nikamjibu: kwa mama yangu. Koo lilinikaba, sikuweza kuongeza neno. Jioni ile nilitamani uwe umekaa pembeni yangu ukinisahihisha mkono, unavyofanya siku zote, na nisingebisha hata kidogo.

Ujaribu, Mama. Robo kilo ya soya, maji lita 2 hivi kwa jumla. Nigari usihangaike nayo, maji ya ndimu yanatosha, vijiko vinne vya kulia, uyachanganye kwanza na maji kidogo. Itakuwa na uchachu wa mbali na laini kuliko ya nigari, lakini ni tofu halali. Mabonge uyatie kwenye chombo chenye matundu ulichotandika kitambaa, ukunje, uweke kitu kizito juu dakika 20. Ukitaka ngumu, ongeza muda. Isipoliwa siku hiyo, ihifadhi kwenye friji ndani ya maji, na maji uyabadilishe kila siku. Machicha usiyamwage! Najua huwezi kumwaga, ila Dada anaweza. Yachanganye na unga na vitunguu, ukaange.

Baba umkaangie ya kwanza, uikaushe maji vizuri kabla ya kuitia kwenye mafuta. Shangazi naye umpe, aonje ndipo aseme.

Kaka, najua Mama atakusomea hii. Paa nitalimaliza, hilo nimeahidi mimi. Ila neno "anasa" uliondoe palepale ulipoliandika, mbele ya walewale waliolisoma. Kisha nipigie Jumapili, siku hiyo sina zamu.

Mama, nikipata likizo nakuja na kipande cha kitambaa cha kuchujia na pakiti ya nigari. Niandikie soya ikikushinda popote, hata usiku.

Wako mziwanda