Mganga yupi, Bwana Mhariri?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, ni neno moja tu, mganga, ila limetusumbua nyumbani karibu mwezi mzima sasa.

Dada yangu ni mganga mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati moja huku juu Kibosho. Wagonjwa wanamwita dokta, ila kwenye mhuri na kwenye kibao cha mlangoni imeandikwa Mganga Mfawidhi, maana ndo cheo chenyewe cha serikali. Sasa gazeti moja likatoka na maandishi makubwa ukurasa wa mbele, MGANGA MBARONI, basi. Na unajua magazeti yanavosomwa hapa stendi Moshi, yametandazwa chini, watu wamesimama wanasoma vichwa vya habari hawanunui, daladala likijaa wanapanda na lile neno mpaka kijijini. Mi nililinunua nikasoma mpaka mwisho, kumbe aliyekamatwa ni mpiga ramli, tena wa mkoa mwingine kabisa.

Kesho yake bibi mmoja wa presha kaja zahanati, kadi yake kaiweka kwenye bahasha ya kaki kama siku zote, kafika mlangoni kakitazama kile kibao, kamtazama dada, akamuuliza kwa sauti ya chini, mwanangu ni wewe wa kwenye gazeti? Dada akacheka akidhani ni utani. Bibi akageuka akaondoka bila dawa, wiki mbili hakuonekana, alivyorudishwa na mjukuu wake presha ilikuwa juu mno. Dada alilia siku ile, mi nilikuwepo.

Neno lenyewe halina kosa. Kuganga ni kutibu, ndo maana tunasema yaliyopita si ndwele tugange yajayo, na Mganga Mkuu wa Mkoa ni bosi wa madaktari wa serikali mkoa mzima. Lakini neno hilohilo ndo la mwenye tunguli, halafu mtu wa kubangaiza naye anaitwa mganga njaa na hilo ni tusi. Hata waganga wa tiba asili wana sheria yao tangu 2002 na baraza lao linalowasajili, sasa akikamatwa mpiga ramli chonganishi nao wanachafuliwa wote bila kosa.

Huku kaskazini tulishaliona hili 2011 kule Loliondo, kijiji cha Samunge. Mzee Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri KKKT, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500, magari yamepanga foleni mpaka watu wanalala njiani siku kadhaa. Wapo waliosema mganga, wapo waliokataa kabisa wakasema ni mchungaji, na huko umasaini mchungaji ni kijana aliyeko malishoni na ng'ombe. Mwishowe nchi nzima ikamwita Babu na kila mtu akajua anayesemwa ni nani.

Na msanii je? Kuna vijana Arusha wanachora picha nzuri mno, wanauzia watalii wanalisha familia, ila siku hizi ukisema fulani msanii mtu anaelewa tapeli, mwanasiasa akidanganya tunasema analeta usanii. Inaniuma ila hilo limeshaenea mitaani, sijui nani atalirudisha. Hili la mganga lipo mikononi mwenu nyie wa magazeti.

Ombi langu ni hili. Akikamatwa mpiga ramli andikeni mpiga ramli, palepale juu kwenye kichwa cha habari sio aya ya nne ndani. Akiwa ni wa tiba asili semeni mganga wa tiba asili, na akiwa wa zahanati au hospitali wekeni cheo chake chote. Ni neno moja au mawili tu yanaongezeka, nafasi haikosekani. Yule bibi hasomi ukurasa wa tano, hata miwani hana.

Msomaji wako,
Kibosho, Moshi