Gunia la chakula cha kuku lituambie ni mafuta gani

Mhariri,

Mimi nafuga broila huku Ruai, si wengi, mia tatu hivi kwa raundi, na nimechoka kusoma kwa gunia la finisha, chakula cha wiki za mwisho kabla ya kuchinja, "mafuta asilimia fulani" na habari inaishia hapo. Mafuta gani sasa? Ya soya, ya alizeti, ya mawese, ama ni yale meusi yaliyobaki baada ya kukaanga chipsi? Ina maana kubwa, kwa sababu kuku si ng'ombe. Ng'ombe akila mafuta, vijidudu vya tumboni vinayageuza kabla hayajafika kwa nyama. Kuku naye anayabeba karibu vile alivyoyala, anayaweka kwa ngozi na kwa paja, kwa kidari kidogo tu. Ukimpa alizeti nyama inajaa omega-6, yale mafuta mepesi ya mbegu, ukimpa mawese inaelekea kwa mafuta mazito yale ya kuganda. Mengine anatengeneza mwenyewe kwa ini kutokana na mahindi, hayo huwezi kuyazuia.

Mwaka jana nikaamua niuze kuku wa omega-3, aina ya mafuta iliyojaa kwa samaki na inayosifiwa kwa afya ya moyo. Nikanunua mafuta ya samaki, nikachanganya asilimia 3, yaani kilo moja na nusu kwa gunia la kilo 50, unamwaga chakula kwa turubai unasugua na viganja mpaka mabonge yaishe na mikono inanuka siku mbili hata ukiosha na ndimu. Nikawalisha mpaka asubuhi ya kuchinja. Jumapili jirani yangu, mteja wa miaka mingi, akaja na sufuria yenyewe, akafunua kifuniko hapo mlangoni mvuke ukanipiga usoni, akaniuliza, "Jirani, kwani hii ni kuku ama ni omena?" Nikamrudishia pesa, ningesema nini.

Kosa lilikuwa langu, mafuta ya samaki unayaweka machache na unayaondoa wiki moja au mbili kabla ya kuchinja. Nikahamia kwa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo zaidi ya nusu yake ni omega-3 ya mimea na hayaleti harufu ya samaki, ila ukweli usemwe, kuku anageuza sehemu ndogo tu ya hiyo kuwa ile omega-3 ndefu ya samaki. Muuzaji mmoja wa mjini akaniuzia jerikeni la lita 5, bei ya kutisha, halina tarehe wala maandishi. Bahati nzuri fundi wa mbao alikuwa anarekebisha mlango wa banda, akanusa akacheka, akasema hiyo ndiyo wao hupaka mbao! Ile ya kupaka huwekwa dawa za kuifanya ikauke haraka, si ya kuliwa na mtu wala kuku. Jerikeni liko hapo mpaka leo, mlango wangu unang'aa sana.

Na hata ukipata yale ya kuliwa, haya mafuta ya omega-3 yanachacha haraka, kwa chakula na baadaye kwa nyama yenyewe ikiwa friza, ndiyo maana lazima chakula kiongezwe vitamini E. Ni nani kwa agroveti anakuambia hayo? Unaulizwa tu "starta ama finisha?"

Ninachoomba si kikubwa. Watengenezaji waandike aina ya mafuta, tarehe ya kuchanganya, na kama vitamini E imeongezwa kiasi gani. Na wale wataalamu wa kilimo na mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, kama wanaweza kutupimia sisi wafugaji wadogo paja moja tu kwa bei tunayoweza, tutachanga hata watu kumi, maana saa hizi mtu yeyote anaweza kubandika stika ya omega-3 kwa kuku na hakuna wa kumuuliza. Mimi mwenyewe ningeweza kuibandika ile wiki ya sufuria.

(Halafu kuna wale wananunua kuku wangu wa bei wanaenda kumtumbukiza kwa karai ya mafuta ya juzi. Hao siwawezi.)

Mfugaji,
Ruai, Nairobi