Shukrani kwa binti msaidizi wa kisheria wa Kisutu

Binti yangu, jina lako sikulipata, ila naamini salamu hizi zitakufikia. Mimi ni bibi wa yule kijana wa miaka 15 aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu. Ulinikuta nje ya Mahakama ya Watoto Kisutu nikilia, nikijua mjukuu wangu anakwenda jela. Ukaketi nami, ukanieleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwamba kesi yake husikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo, na kwamba ana haki ya kuwa na ndugu na wakili. Hayo hakuna aliyekuwa ameniambia, na nadhani wazazi wengi hawayajui hadi leo.

Ukamtafutia wakili wa msaada bila kuniomba hata nauli. Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni vile ulivyozungumza na mtoto mwenyewe, ukamuuliza anapenda somo gani. Tangu akamatwe, hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza lolote zaidi ya ile simu.

Ameachiwa chini ya uangalizi, na amerudi darasani. Mungu akuzidishie, mwanangu. Nakushukuru sana.