Dawa ya minyoo imekataa? Tuletee mavi kwanza

Malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa kwenye maabara yetu Mbale, Uganda, kwa wafugaji wa Sironko hadi wanaoshuka kutoka Karamoja, ni haya: "Daktari, nimewanywesha dawa, lakini ndama bado wanaharisha na manyoya yamesimama." Kinachofuata ni kusema dawa ni feki, kisha kukimbilia dukani kununua chupa yenye jina jingine. Majina ya chupa ni mengi, dawa zilizomo ndani ni chache. Ukiacha albendazole ya kampuni hii ukachukua albendazole ya kampuni ile, hujabadilisha kitu.

Kabla ya kununua tena, jua ni mnyoo gani aliyebaki. Hadubini inahesabu mayai, kazi nzuri na ya bei nafuu, ila mayai ya minyoo aina ya Haemonchus, Cooperia, Trichostrongylus na Oesophagostomum yanafanana mno. Njia ya zamani ni kuyalea mavi kwenye joto kwa siku 7 hadi 10, mayai yaanguliwe, halafu mtaalamu apime mikia ya lava (minyoo wachanga) mmoja mmoja. Inataka jicho zoefu, na macho hayo si mengi.

Sisi tunavunja mayai, tunatoa DNA, kisha mashine inanakili kipande chake kifupi kiitwacho ITS-2 hadi kiwe kingi cha kutosha kusomwa. Ndani ya spishi moja kipande hicho hakibadiliki sana. Kati ya spishi na spishi kinatofautiana. Chukua Haemonchus placei, ambaye ni wa ng'ombe hasa, na Haemonchus contortus anayependa mbuzi na kondoo. ITS-2 yao ina herufi za DNA 231, na zinazowatofautisha ni 3 tu. Tatu! Lakini tukikuta contortus wengi kwenye ng'ombe wako, swali la kwanza litakuwa juu ya mbuzi mnaowachunga nao pamoja, wamepewa dawa gani na mara ngapi.

Haemonchus hunyonya damu: kope za ndani hupauka, ndama huvimba chini ya taya, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Kwa hiyo minyoo wachache wa aina hii wanaweza kujaza hesabu yote. Cooperia hutaga kidogo na hanyonyi damu, lakini katika nchi nyingi ndiye anayesifika kwa kubaki hai baada ya dawa ya ivermectin. Oesophagostomum wauza matumbo wanaijua kazi yake, ni vile vinundu kwenye utumbo.

Kuna alama nyingine tunayoisoma, kwenye jeni ya beta-tubulini. Badiliko moja katika nafasi ya 200 humfanya mnyoo avumilie albendazole na ndugu zake. Kwa ivermectin hatuna kipimo cha jeni tunachokiamini, hivyo tunahesabu mayai siku ya kutibu na siku 14 baadaye. Yakipungua kwa chini ya asilimia 95, hapo tuna jambo la kuzungumza.

Tuseme ukweli, si kila mtu anahitaji kipimo hiki. Kama uzito wa ng'ombe unaukisia kwa macho, nunua kwanza utepe wa kupimia, maana dozi pungufu huonekana kama dawa mbovu. Na minyoo bapa wa ini ni habari nyingine: mayai yao ni mazito, hayaelei kwenye maji ya chumvi tunayotumia, kwa hiyo tuambie mapema kama mnanyweshea kwenye vinamasi.

Mavi yatoke ndani ya ng'ombe, si chini. Vaa glavu, ingiza vidole, toa kiasi cha konzi, geuza glavu ndani nje, kamua hewa yote, funga fundo, andika namba ya ng'ombe. Weka kwenye kikasha chenye barafu, yasigande. Ukichelewa zaidi ya siku moja au mbili, tutakupa vichupa vyenye spiriti ya maabara. Formalini huharibu DNA, na pombe ya waragi (ndiyo, tumeletewa) ni hafifu mno. Chagua ndama na mitamba kumi hivi wa kundi moja, tutachanganya mavi yao tupime mara moja na gharama ishuke. Mavi ya mbuzi yaje kwenye mfuko wake.